Fomu Haikuwa na Nafasi ya Ng'ombe

Nilistaafu mwezi uliopita. Ninyi mliobaki pale maktaba ya muziki mliniandalia chai na mandazi, mkanisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya, kisha mkanikabidhi daftari jipya na kuniomba niwaandikie asili ya kila aina ya muziki wa nchi hii, kwa ufupi. Asili hiyo siijui. Wanaosema wanaijua nimewafanyia kazi, na nitawaeleza walivyo. Ninachokijua ni kazi yenyewe, hasa ile miaka ya hamsini tulipozunguka Tana na lori, na kosa moja ambalo ni langu na ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nawaandikia kwa sababu nimewaona mkipanga kanda. Kabati hili "muziki wa asili", kabati lile "muziki wa kisasa". Mkiletewa wimbo hamuulizi unafanya kazi gani. Mnauliza ni wa kabila gani, mnaubandika karatasi kama chupa ya achari, mnakwenda kula. Siwalaumu sana, maana baadhi yenu niliwafundisha mimi, nami nilifundishwa na mtu aliyekuwa mjinga kwa shahada.

Mimi ni mtu wa Kipini. Kwetu muziki ulikuwa taarabu, basi. Muziki ni ule unaosikilizwa umekaa, umevaa kanzu safi, na mpiga udi anakufanya ufumbe macho. Kwamba udi wenyewe ulitoka Arabuni, fidla ikatoka Ulaya, na nyimbo nyingine zilitoka Misri ndani ya santuri, hilo halikutusumbua. Tuliona ni vyetu tangu Adamu. Ngoma za Wapokomo tuliziita vumbi, na nyimbo za Waorma hatukuziita chochote, kwa sababu hatukujua kama wanaimba. Kwa ujuzi huo nilionekana nafaa sana kuajiriwa kama karani wa kuhifadhi muziki wa Mto Tana.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeusi na tai. Nilikuta lori la kijivu lenye spika mbili juu ya paa, na chini yake miguu ya mtu. Miguu ilikuwa ya fundi wetu, Ami Kombo, Mwamu, yaani mtu wa Lamu, asiye na meno mawili ya mbele, mwenye mikono iliyonuka petroli na karafuu. Alitoka, akaitazama tai yangu, akanipa upande mmoja wa mashine ya kurekodi niinue. Mashine ile ilikuwa nzito kama mbuzi wa Idi. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimejua kuikinga na mchanga kwa kanga iliyoloweshwa, kuunga utepe uliokatika kwa wembe, na kuisikiliza jenereta ikikohoa kabla haijazima. Tai niliitumia kufungia kifuniko cha betri, na hapo ndipo ilipofanya kazi yake ya kwanza ya maana.

Ami Kombo hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na masikio. Kabla ya kuwasha mashine alikaa na watu, akanywa walichokunywa, akawauliza habari za mvua, na wimbo wenyewe aliuulizia mwisho. Nilidhani ni uvivu wa kizee.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu aliyesomea muziki wa watu wengine. Sisi tulimwita Bwana Mtaalamu, na yeye alidhani ni heshima. Alikuwa na ramani yenye mishale: ngoma hii imetoka hapa, imekwenda kule. Aliamini kila muziki una baba mmoja na mama mmoja, na wote wawili ni wa kabila moja. Muziki uliochanganya damu aliutazama kama mama mkwe anavyomtazama mchumba asiye na ukoo. Alitunga fomu, na fomu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ilikuwa na nafasi ya "Asili", ya "Huimbwa wapi", na ya "Aina". Kwenye "Aina" ulichagua moja kati ya tano: Dini, Vita, Mapenzi, Dansi, Watoto. Nilimwuliza kwa nini hakuna "Mengineyo". Alinijibu kwamba mengineyo ni kimbilio la wavivu.

Basi tukaanza. Kwetu Kipini walitutokea watu wa beni, na tarumbeta zao zilizobonyea, kofia za kijeshi, na kiongozi aliyevaa medali za vifuniko vya chupa. Walikuwa wamekiigiza kikosi cha askari kwa ustadi hadi ukashindwa kujua wanakisifu au wanakicheka. Bwana Mtaalamu aliposikia tarumbeta alifunga daftari. Alisema huu si Uafrika, ni uigaji, asili yake ni Ulaya. Yule kiongozi wa beni akamwuliza kwa adabu, "Na suruali yako, Bwana, umeishona hapa?" Hatukurekodi kitu.

Kijijini Kau tulikuta akina mama wakitwanga mpunga na kuimba. Watatu kinu kimoja, mchi unapanda huu unashuka ule, na sauti zimepita katikati yake. Bwana Mtaalamu alifurahi, ila alisema michi inaharibu wimbo kwa kelele. Aliwaomba waiweke chini waimbe tu. Waliiweka. Mmoja akaanza haraka, wa pili akaanza taratibu, wa tatu akasahau maneno, wakacheka hadi wakaketi. Nikaandika: "Aina: Dansi. Mdundo haueleweki." Ami Kombo aliisoma fomu ile akanirudishia bila neno, na mimi nikadhani ameiridhia.

Garsen, kwenye baraza la duka la Mhindi, alikuwapo kijana wa Kipokomo aliyerudi kutoka jeshini na gitaa. Mwenzake alikwaruza chupa ya soda kwa kisu, tiki-tiki-tiki, na watu walicheza mpaka mbwa wakaondoka. Bwana Mtaalamu alimwuliza muziki huu ni wa wapi. Kijana akasema upigaji wa vidole kauona kwa Mkongo aliyekaa naye kambini, rumba kaisikia kwenye gramafoni ya duka, na sauti ni ya kanisani kwao, ile ya besi. Mnaotafuta asili ya muziki wa dansi, hayo ndiyo majibu kamili kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na yalitolewa na mtu aliyekuwa anatafuna muwa. Bwana aliniamuru niandike: "Asili: haijulikani."

Nawacheka hao, lakini sasa nafika kwangu.

Ilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa umepungua, na Waorma walikuwa wameteremsha ng'ombe kutoka mbugani. Kwa msioijua Tana: mashamba ya Wapokomo yako ukingoni, na ng'ombe hawawezi kufika majini ila kwa malka. Malka ni njia iliyoachwa wazi kati ya mashamba, wazee wa pande zote mbili wakijua upana wake na desturi zake. Wakati wa ukame kila ukoo una siku yake ya kunywesha, na kundi linakunywa kila siku ya tatu. Ukikosa malka kiangazi, huna ng'ombe, na Muorma asiye na ng'ombe hana la kumwambia mtu.

Pale Garsen alikuwapo Mzee Barisa, Muorma mwembamba mwenye ndevu zilizotiwa hina, ambaye kila mtu alisema anaimba. Tulimwomba siku tatu. Hakutaka. Alisema, "Wimbo hii hapana ya kuimba hivi-hivi. Ng'ombe iko mbali." Nilidhani anapandisha bei, nikamwongezea tumbaku na buni. Mwishowe alikaa kivulini mwa lori, akatazama chini, akaimba polepole, kama mtu anayejisemea. Niliposikiliza kwenye vidude vya masikioni niliona aibu ya Ukipini wangu. Sauti ilikwenda mbali ikarudi, ikataja jina moja baada ya jingine, na baina ya majina aliachia pumzi, hhe, hhe, kwa mpigo usioyumba.

Nilimwuliza maneno yake. Akasema, "Nasema: mweusi yangu, kuja. Shingo ndefu, kuja. Maji tayari."

"Ni ng'ombe?"

"Ng'ombe yangu."

Ami Kombo alikuwa anazungusha waya. Aliniambia, "Mwanangu, muulize kwanda wimbo huu ni wa yambo gani. Karatasi haikimbii."

Sikuuliza. Jua lilikuwa kali na Bwana Mtaalamu alikuwa anataka fomu. Dini haikuwa, vita haikuwa. Nikasema moyoni, mtu anayemsifia ng'ombe shingo lazima ana mapenzi. Nikaandika: "Aina: Mapenzi." Kwenye "Huimbwa wapi" sikuwa na jibu, na Bwana hakupenda nafasi tupu, basi nikaandika: "Harusini." Neno hilo moja nililitunga mwenyewe, kwa wino mzuri.

Mzee Barisa aliinuka akaigusa mashine kwa kidole. "Sasa sauti iko ndani?"

"Imo ndani, Mzee."

"Mzuri. Ikae ndani. Hapana toa."

Nikamwambia haitatoka. Nilisema kama unavyomwambia mtu karibu chakula, ukijua hatakula.

Siku mbili baadaye palikuwa na baraza la serikali, na Bwana Mtaalamu aliagiza watu waburudishwe baadaye kwa spika, wasikie sauti zao zikitoka kwenye lori. Ami Kombo alikuwa amekwenda kivukoni kutafuta petroli. Kazi ya kuchagua utepe niliachiwa mimi, na nikachagua uliotoka safi kuliko yote. Alasiri, lori likiwa ukingoni, spika zikielekea mbugani ili zisizibwe na nyumba, nikamweka Mzee Barisa hewani kwa sauti ambayo koo la mtu halijaumbiwa.

Yeye mwenyewe alikuwa amekaa dukani anakunywa chai. Nilimwona anaweka kikombe chini, anasimama, anakuja mbio akipunga mikono miwili juu. Nilifikiri anacheza kwa furaha. Nikampungia na mimi. Alikuwa anasema, "Zima. Karani, zima," na mimi nilikuwa natabasamu.

Kisha tukaona vumbi. Ng'ombe wake walikuwa mbali, wakichungwa na wanawe, siku yao ya kunywa haijafika. Waliposikia majina yao walikuja, na wanawe hawakuweza kuwazuia. Hawakupita malka, kwa sababu sauti haikutoka malka. Walikuja moja kwa moja ilikokuwa, na kati yao na sauti palikuwa na shamba la Mama Raheli, mjane wa Kipokomo kutoka Idsowe, mpunga wake ukiwa unaanza kupiga umanjano. Walipita ndani yake kama mtu anayepita uani kwake. Waliotangulia walilizunguka lori wakasimama wakizitazama spika, ndimi nje, wakingoja maji. Mtoni palikuwa na kundi la ukoo mwingine, siku ilikuwa yao. Askari wakaja na mijeledi, wakawarudisha wote mbugani. Hakuna aliyekunywa hata funda.

Shauri lilisikilizwa kesho yake mbele ya Bwana DO, afisa wa serikali wa wilaya, chini ya turubai. Mzee Barisa alishtakiwa kwamba ameachia mifugo kwa makusudi, na adhabu ilitajwa wazi mapema: ukoo wake ufungiwe malka mpaka mvua. Miezi miwili, yaani ng'ombe wote wangekufa. Mzee alisema maneno machache. "Mimi hapana ita. Gari yenu iliita."

Bwana Mtaalamu alisimama na fomu yangu. Akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma Injili: wimbo wa mapenzi, huimbwa harusini. Akaeleza kwamba kwa kadiri ya utafiti wake wimbo wa harusi hauiti ng'ombe. Watu walicheka. Utafiti wake ulikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na kalamu mfukoni.

Aliyefuata kuzungumza ni Mama Raheli. Wote tulitazamia ammalize yule mzee. Alijifunga leso kiunoni, akamwonyesha kidole Barisa.

"Huyu si rafiki yangu. Ng'ombe wake wamenila mpunga na mimi natazama. Lakini mimi nalima pale pembeni mwa malka mwaka wa kumi huu. Huo wimbo naujua. Siku yao ikifika naacha jembe, nashika fimbo, nasimama mpakani mwa shamba, wanapita, wanakunywa, wanarudi. Jana nimeusikia nikasema, leo si siku yao, nani huyu anaimba? Nikachelewa. Na Mzee nilimwona dukani na kikombe. Sasa mtu anakunywa chai na kuimba kwa mdomo gani?"

Bwana DO alikuwa mtu wa haki, kwa namna ya watu wenye saa mkononi. Akasema jambo ni rahisi: wimbo upigwe tena palepale. Ng'ombe wakija, Mzee hana kosa. Umati ukashangilia, maana burudani ya bure haikataliwi. Hata mimi nilishusha pumzi. Utepe ungesema kweli, na fomu ingesahauliwa bila mimi kufungua mdomo.

Mzee Barisa akasema hapana.

Bwana DO hakuelewa. Akamwambia hii ni nafasi yake ya kujiokoa. Mzee akanyoosha mkono kuelekea mbugani, akazungumza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ili asiachwe mtu.

"Wimbo hii baba yangu iliimba, na babu. Ng'ombe inajua: hii sauti, maji iko. Jana imeita, maji hakuna, fimbo iko. Leo ukiita tena, maji hakuna tena. Kesho mimi naimba, nani itakuja? Funga malka. Wimbo hapana gusa."

Bwana DO akachovya kalamu. Nilimtazama Ami Kombo, aliyesimama kando ya nguzo ya turubai. Hakunitazama. Alikuwa anafuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja, na mimi nikajua kwamba nisiposema sasa nitamwona akifanya hivyo maisha yangu yote.

Nikasimama. Nilisema fomu ni ya mkono wangu. Nilisema Mzee aliniambia ni wimbo wa ng'ombe nami nikaandika mapenzi kwa sababu nafasi ya ng'ombe haikuwapo, na kwamba harusi ni uongo wangu, sijawahi kuiona harusi ya Waorma. Nilisema alinikataza sauti isitolewe nami nikaitoa. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa chuo aliyesahau aya. Bwana Mtaalamu aligeuka akaniambia nimeiaibisha taaluma. Ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kuwa na jambo la kufanana, maana kuiaibisha tulikuwa tumeiaibisha sote wawili.

Malka haikufungwa. Mama Raheli alipewa mahindi ya njano ya serikali, ambayo alisema hata ndege wa Idsowe hawayataki. Bwana Mtaalamu alichapisha fomu mpya yenye nafasi ya sita, "Ng'ombe", na tangu siku hiyo kila Muorma aliyefungua kinywa aliwekwa humo, hata mama aliyembembeleza mwanawe. Msidhani natania, kafungueni makabati yenu.

Kiangazi kilichofuata tulirudi Garsen. Asubuhi, siku ya ukoo wa Mzee Barisa, nilikwenda malka bila mashine. Mama Raheli alikuwa amesimama mpakani mwa shamba lake na fimbo, akanijibu salamu yangu bila kunitazama. Mzee alisimama majini hadi magotini, akaimba. Ng'ombe waliteremka kwa mstari, wakapita kati ya mashamba bila kugusa jani, wakainamisha vichwa kunywa.

Saba hawakuja. Walibaki juu, kwenye kivuli cha mikoma, wakimtazama. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, na majina hayo niliyatambua kwa sababu niliyasikia kwenye spika. Ni wale waliotangulia kufika kwenye lori. Waliokuwa wakiuamini wimbo ule kuliko wenzao.

Mzee Barisa alitoka majini, akanijia. Sikuona hasira usoni mwake, na ningepata nafuu kama ningeiona. Akanipa fimbo yake.

"Hii saba wewe iliita," akasema. "Enda leta."

Nilivua viatu, nikapanda ukingo. Kila nilipomkaribia mmoja alisogea hatua tatu, akasimama, akanitazama tena. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimeteremsha wawili, na Mzee alikuwa bado mtoni, anawaimbia wale watano.